Kanda Niliyompokonya Mwanafunzi

Katika droo ya chini ya meza yangu ya kusomea, chini ya madaftari ya mahudhurio yasiyo na kazi tena na paketi ya chaki iliyogandamana kwa unyevu, ipo kanda moja ya kaseti ya dakika 90 ambayo si mali yangu. Niliitwaa usiku mmoja wa muhula wa pili, mwaka 1993, nikiwa mwalimu wa zamu katika shule moja ya bweni ambayo hakuna haja ya kuitaja. Kijana wa kidato cha tatu alikuwa ameketi nyuma kabisa ya darasa, kitabu cha Jiografia amekisimamisha mbele yake kama ukuta, waya zimepenya ndani ya kola ya shati hadi masikioni. Kichwa chake kilikuwa kikienda mbele na nyuma. Nami nilijua, kama walimu wenzangu wote wanavyojua, kwamba Jiografia haina mdundo wa namna ile.

Nilinyosha mkono. Akanipa Walkman, ambayo ilikuwa ya kuazima, na kanda ikiwa ndani. Nilisikiliza kwa nukta chache tu. Magitaa yalikuwa yakinguruma na mtu akiimba kwa sauti ya juu mno. Papo hapo nikatoa hukumu mbele ya darasa zima: "Huu ni upuuzi wa Wazungu. Utaanguka mtihani kwa ajili ya watu wasiojua hata kwenu ni wapi." Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Alisema kwa adabu, "Samahani, mwalimu, huyu si..." Sikumpa nafasi ya kumaliza.

Walkman ilirudishiwa mwenyewe siku ya kufunga shule. Kanda nayo nilikusudia kuirudisha, lakini kijana yule alikuwa ametumwa nyumbani kuleta karo majuma matatu kabla ya kufunga, na wanaofanya kazi hii wanafahamu kwamba baadhi ya safari hizo hazina kurudi. Yake haikuwa na kurudi. Jina lake likakatwa kwa wino mwekundu katika daftari la mahudhurio, na mkono uliolikata ulikuwa wangu.

Maadamu nimeanza kuungama, heri niungame yote. Mimi mwenyewe nililelewa na muziki wa roki. Mwaka 1980 nilikuwa kidato cha pili katika shule nyingine, iliyokuwa mbali zaidi na barabara ya lami. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa kibarua bandarini Mombasa, alirudi likizo na kanda aliyorekodiwa na rafiki yake, nami nikaisafirisha shuleni ndani ya soksi. Ndani yake mlikuwa na wimbo wa bendi ya Kiingereza, Pink Floyd, uitwao "Another Brick in the Wall", sehemu ya pili, uliotolewa mwishoni mwa mwaka 1979 na kushika nafasi ya kwanza nchini Uingereza msimu ule wa Krismasi, kisha Marekani mwaka uliofuata. Nusu ya maneno hatukuyaelewa. Tulichokielewa ni ile kwaya ya watoto, wanaoingia katikati ya wimbo kama kundi lililovunja mlango, kuwaambia walimu mambo ambayo sisi hatukuthubutu kuyafikiri, sembuse kuyatamka. Tuliuimba tukienda mtoni kuchota maji. Tuliuimba katika foleni ya githeri, wengine wakipiga ngoma kwa vijiko juu ya sahani za bati.

Bila shaka habari zilifika ofisini. Naibu wa mwalimu mkuu alitaka tupigwe viboko sita kila mmoja, na enzi hizo viboko sita vilikuwa sita kweli. Mwalimu wetu wa Kiingereza aliomba apewe kwanza kipindi kimoja. Akaingia darasani, akaandika ubaoni ule mstari maarufu kuliko yote, akatuuliza una makanusho mangapi. Mawili. Je, kwa sarufi mnayofundishwa humu, makanusho mawili huleta nini? Huleta kukubali. Kwa hiyo, akasema huku akipangusa mikono, hawa watoto wa London wamekiri mbele ya ulimwengu kwamba elimu wanaihitaji. Tulicheka hadi machozi. Halafu akageuka upande wa Kiswahili, ingawa hakuwa mwalimu wa somo hilo, akatuonyesha kwamba sisi nasi tunayo mambo kama hayo: asemaye "hakuna asiyejua" amesema kila mtu anajua. Kisha akatueleza kwamba katika mitaa ya London kanusho la pili halifuti la kwanza, bali hulitilia mkazo, na kwamba mshairi anayeandika kwa lugha ya mtaani huenda anafahamu fika sarufi anayoivunja. Sijapata kulisahau somo hilo. Mambo mengi niliyofundishwa kwa kiboko yamenitoka.

Baadaye sana nilisoma habari ambazo mwalimu wetu yule hakuwa nazo. Roger Waters, aliyeutunga wimbo ule, ni mtoto wa walimu wawili, baba na mama. Baba yake aliuawa vitani huko Anzio, Italia, mwezi wa Februari mwaka 1944, mtoto akiwa na umri wa miezi mitano. Ukuta unaoimbwa katika albamu ile ni ukuta anaoujenga mtu kuizunguka nafsi yake, na tofali la mwanzo ni kifo cha baba. Shule inafuata baadaye. Basi yule tuliyedhani ni adui wa walimu alikuwa yatima wa mwalimu.

Na wale watoto je? Walikuwa wanafunzi 23 wa shule ya Islington Green, jirani na studio ya bendi. Aliyewapeleka huko kuimba hakuwa muasi wa mitaani. Alikuwa mwalimu wao wa muziki, Alun Renshaw. Jambo hili hunifurahisha kila ninapolikumbuka: wimbo mashuhuri kuliko yote wa kuwakemea walimu uliwezekana kwa sababu mwalimu mmoja aliwaongoza wanafunzi wake mguu kwa mguu hadi kwenye maikrofoni. Shule ililipwa pauni 1,000. Watoto wenyewe walisubiri sana. Ilikuwa mwaka 2004 ndipo baadhi yao, wakiwa watu wazima wenye watoto wao, walipojitokeza kudai sehemu yao ya mirabaha. Huko Afrika Kusini nako wanafunzi weusi waliokuwa wakisusia elimu duni ya ubaguzi waliufanya kuwa wimbo wao, na serikali ya makaburu ikaupiga marufuku mwaka huohuo wa 1980. Tulipokuwa tukiupigia vijiko juu ya sahani, wenzetu wa rika letu walikuwa wakiuimba mbele ya polisi.

Sasa msomaji ana haki ya kuniuliza: iweje aliyenusurishwa na mwalimu wa namna hiyo ageuke, miaka 13 baadaye, awe kama yule naibu wa mwalimu mkuu? Nimejaribu kujijibu mara nyingi. Nilikuwa na madaftari ya insha zaidi ya 40 yakinisubiri. Zamu ilikuwa imeanza alfajiri. Lakini sababu ya kweli ni kwamba nilikuwa kijana wa miaka 28, ningali mgeni katika majilisi ya walimu, nikiogopa kuonekana mlegevu. Walimu wenzangu wakubwa walikuwa wakipima ualimu wa mtu kwa vitu alivyopokonya. Kabati la ofisi lilijaa redio, viatu visivyo vya sare, magazeti ya muziki na barua za mapenzi, nami bado sikuwa nimechangia chochote.

Nilipostaafu na kusafisha ofisi niliikuta kanda. Utepe ulikuwa umelegea, nikauzungusha kwa kalamu ya Bic kama tulivyokuwa tukifanya zamani ili tusimalize betri. Mashine ya kuichezea ilikuwa taabu kuipata. Fundi mmoja wa redio mjini aliniazima yake, akinitazama kwa huruma ambayo vijana huwatazamia wazee. Nilitarajia nyimbo tu. Kabla ya wimbo wa kwanza nikasikia mtu akikohoa, jogoo akiwika kwa mbali, na sauti ya kijana yule ikisema kwa Kiswahili sanifu cha mtangazaji wa redio: wasikilizaji wapenzi, popote pale mlipo, hamjambo.

Alikuwa ametengeneza kipindi. Nadhani aliifanya kazi hiyo wakati wa likizo, kwa redio-kaseti mbili, moja ikicheza na nyingine ikirekodi, kwa maana katikati ya magitaa mtoto mchanga analia na mtu anafunga mlango. Kabla ya kila wimbo anaueleza kwa Kiswahili, kwa ajili ya wenzake wa bwenini. Anatuma salamu kama zile za kadi tulizokuwa tukisomewa redioni: kwa mpishi wa shule, kwa mlinzi wa lango, kwa mabingwa wa mpira wa bweni lake. Halafu anatuma salamu kwa mwalimu wake wa Kiswahili, aliyemfundisha kwamba tafsiri haiendi neno kwa neno. Mwalimu huyo ni mimi. Nilizima mashine kwa muda.

Nilipoiwasha tena alikuwa ameufikia wimbo ule niliousikia kwa nukta chache usiku ule. Ni "Bohemian Rhapsody" wa bendi ya Queen, wa mwaka 1975. Na hapo, baada ya miaka zaidi ya 30, nikaisikia sentensi niliyoikatiza. Mwimbaji huyu, anasema kijana, si Mzungu. Ni mtu wa Unguja.

Naam. Freddie Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akapewa jina la Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi kutoka India, na baba yake alikuwa karani wa fedha katika mahakama ya serikali ya kikoloni. Akiwa na umri wa miaka minane alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, India, na humo bwenini ndimo alimounda bendi yake ya kwanza na wanafunzi wenzake. Alirudi Unguja, na mwaka 1964, baada ya mapinduzi, familia yake ilikimbilia Uingereza. Alikuwa na miaka 17. Alifariki tarehe 24 Novemba 1991, na wimbo huu, uliokuwa umekaa majuma tisa katika nafasi ya kwanza huko Uingereza ulipotoka, ukairudia nafasi hiyo kwa majuma matano mengine. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, niliuita upuuzi wa Wazungu wimbo wa mtu aliyezaliwa Unguja, kisiwa ambacho lahaja yake ndiyo iliyofanywa msingi wa Kiswahili sanifu ninachokula mshahara kwacho.

Kijana anaeleza vizuri kwamba wimbo huo hauna kiitikio, wala haufuati utaratibu wa utangulizi, kiini na hitimisho tunaowalazimishia katika insha. Unaanza kwa sauti tupu, unaingia huzuni ya kinanda, gitaa linalia, kisha ghafla inazuka opera nzima, na ndani ya opera hiyo linatajwa neno bismillahi, na baada ya hapo ngurumo. Wakubwa wa kampuni ya santuri waliuona mrefu mno kwa redio, kwani unakaribia dakika sita. Ile kwaya kubwa inayosikika ni watu watatu tu wa bendi, sauti zao zimerekodiwa tena na tena na kurundikwa moja juu ya nyingine. Anapofika kwenye jina la wimbo anahangaika kidogo, karatasi zinasikika zikipekuliwa, nadhani ni kamusi, kisha anaamua: "Utenzi wa Mtu Asiye na Kwao". Kama ningesahihisha, neno "utenzi" ningelikatia alama, kwa kuwa utenzi una mizani yake na wimbo huu umeikataa mizani yote. Lakini hilo la "mtu asiye na kwao" nisingeligusa. Yeye mwenyewe, majuma machache baadaye, alitolewa bwenini akiwa amebeba sanduku la bati kichwani.

Anayo pia maelezo kuhusu Brian May, mpiga gitaa, ambayo yangemfurahisha mwalimu yeyote wa Fizikia: gitaa lake alilitengeneza nyumbani yeye na baba yake, kuanzia mwaka 1963, kwa mbao za meko kuukuu na springi za injini ya pikipiki. Kijana hakuweza kujua mwisho wa kisa hicho. Mtu huyohuyo aliyeacha utafiti wake wa nyota ili akapige roki alirudi chuoni na kupata shahada ya uzamifu katika fizikia ya anga mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 60.

Wimbo unaofuata ni "Africa" wa bendi ya Marekani, Toto, uliotoka mwaka 1982, na hapa mtangazaji wetu anageuka mkali. Katika wimbo huo Kilimanjaro unainuka juu ya Serengeti, ukifananishwa na mlima Olimpo wa Wayunani. Anauliza, hawa walikuwa na ramani? Kutoka Serengeti hadi Kilimanjaro ni zaidi ya kilomita 200, na katikati yake ipo milima ya Ngorongoro. Anaendelea kusema kwamba hata kulinganisha huko ni kuuonea mlima wetu, kwa maana Olimpo haufiki mita 3,000, ilhali Kilimanjaro una mita 5,895. Hata hivyo, anamalizia, sauti ni tamu, tuwasamehe. Takwimu zote ni sahihi. Nilipozisikia nilikumbuka kile kitabu cha Jiografia alichokisimamisha usiku ule. Miaka yote nilikuwa na hakika kwamba alikuwa akijifichia nyuma yake.

Sisemi kwamba shule zifunguliwe milango kwa kila kelele. Kipindi cha masomo ya usiku ni cha masomo, na kijana yule alistahili kuambiwa azime. Zipo nyimbo chafu kwelikweli, za wakati ule na za sasa, na mzazi anayelalamika asichekwe. Ninachohoji ni hukumu inayotolewa kabla ya nukta kumi kwisha. Siku hizi nawasikia walimu vijana wakisema juu ya gengetone na arbantone maneno yaleyale niliyoyasema mimi, tena kwa sauti ileile, wakati mwingine ndani ya matatu ambamo mwalimu na mwanafunzi wanatikiswa na spika moja na hakuna anayemtazama mwenzake. Ningemwomba mwalimu wa namna hiyo kitu kimoja tu: kabla hujaifungia simu kabatini, mwambie mwenyewe akuandikie ukurasa mmoja kuhusu wimbo aliokuwa akiusikiliza, nani aliutunga, unasema nini, na umekosea wapi. Ukiwa upuuzi utajulikana kwa ukurasa huo, na atakayeujua kwanza ni yeye. Nawe mwanafunzi unayesoma gazeti hili kwa kificho maktabani, usidhani nimekuruhusu. Andika huo ukurasa kwanza.

Huwa nawaza kijana yule yuko wapi. Atakuwa karibu na miaka 50. Huenda ni mtangazaji kweli na nimepata kumsikia bila kumtambua, huenda anauza vitunguu, huenda analipa karo za wanawe kwa wakati. Nilikwenda shuleni kutafuta anwani ya nyumbani kwao, lakini madaftari ya miaka ile yalishaliwa na mchwa. Kama safu hii itamfikia, kanda yake ipo, haijakatika, nami niko tayari kuipeleka mwenyewe popote atakaponielekeza.

Mwishoni mwa upande wa kwanza anawaaga wasikilizaji kwa haraka, kama mtu anayeona utepe unakaribia kwisha. Anawaambia wageuze kanda, kwa kuwa upande wa pili atawaletea wimbo mmoja wa wanafunzi wa London, wenye makanusho mawili, na ataeleza kile mwalimu wake alichowasimulia darasani kuuhusu. Sikumbuki kuwa niliwahi kuwasimulia. Niliigeuza kanda, nikaicheza hadi mwisho, dakika 45. Upande huo hakuwahi kuurekodi.